Ufunguo wa Paa

Saa kumi na mbili na nusu jioni, taa iliwaka kwenye roshani ya fundi cherehani, ng'ambo ya uchochoro, na paa zima la jengo la jirani likawa jeupe. Taa ilikuwa mpya. Fundi aliifunga mwenyewe juzi, na badala ya kuielekeza chini kwenye roshani yake, aliigeuzia juu.

Mwanamke aliyekuwa amepiga goti katikati ya paa hilo alikitazama kivuli chake kilivyolala kwenye saruji, kingo zake kali kama zimekatwa kwa wembe, akajua kuwa kazi yake imeingia mchanga kabla haijaanza. Hospitalini alikuwa mpiga eksirei. Jina lake mtaani lilikufa zamani, watu walimwita Usipumue, kwa sababu karibu kila mkazi wa jengo lile aliwahi kusimama kifua wazi mbele ya mashine yake na kusikia sauti kutoka nyuma ya kioo: "Vuta pumzi. Usipumue."

Mlangoni mwa ngazi alisimama Mwenyekiti wa wapangaji, ufunguo wa paa ukining'inia kidoleni. Alikuwa mkaguzi wa mizani aliyestaafu, na hakuwahi kuamini kilo ambayo hakuipima mwenyewe.

"Saa nne nafunga geti la chini," alisema. "Kabla ya hapo nitapanda. Ukinionyesha kitu unachokipiga picha huku juu, tutaongea. Usiponionyesha, ufunguo huu unalala kwangu, na hautatoka."

"Nitakuonyesha."

"Jana ulinionyesha ukungu."

"Haukuwa ukungu, Mwenyekiti. Ilikuwa galaksi, ila haikukaa sawa."

"Mimi niliona ukungu, mama."

Usipumue hakubisha. Kilichoonekana jana kilikuwa ukungu kweli, wa rangi ya chungwa, wenye nyuzi nyuzi mahali pa nyota.

Mwenyekiti akashuka, na ufunguo akashuka nao.

Ufunguo ule ulikuwa wa shaba, nakala tu iliyochongwa barabarani, lakini maana ya kunyang'anywa haikuhitaji kuandikwa popote. Ukichukuliwa, mtaa mzima utaamini kwamba mpiga eksirei alikuwa akichungulia madirisha ya watu. Na mtu anayevua shati mbele yako kwa sababu amekuamini havui tena akishasikia neno kama hilo.

Jambo lenyewe lilianzia wiki iliyopita. Darubini yake ilikuwa ndogo, ya lenzi, bomba jeupe lenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko, na mtu anayeanza huambiwa atafute kitu cha mbali kukiwa bado na mwanga ili ajue kamera inaona vizuri wapi. Yeye alichagua mnara wa simu. Mstari kutoka paa hadi mnara ulipita juu kidogo ya dirisha la fundi cherehani, ambamo mke wa fundi alikuwa anapiga pasi, amevaa kama mtu aliye kwake.

Fundi alikuja getini na watu wakajaa. Akauliza swali moja: bomba lile lilielekea kwake au halikuelekea?

"Lilielekea upande wako," alijibu Usipumue. "Nilikuwa natazama mnara."

Watu walisikia nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilimezwa na kelele.

"Wewe wifi yangu," aliambiwa usiku ule na dada wa mumewe, msusi mwenye saluni ghorofa ya chini, aliyekuwa akiishi naye tangu mume alipoenda kufanya kazi mbali, "ukiulizwa kama umeua, utajibu umeua, halafu ndiyo ueleze kwamba ni mbu."

"Niliulizwa kama lilielekea."

"Ndiyo. Na hapo ndipo watu wengine huwa wanasema uongo kidogo, kwa afya."

Sasa wifi huyo alikuwa amepanda paa akiwa na shuka la kitandani, analitanua kwa mikono miwili kati ya taa na darubini. Upepo uliligeuza tanga. Aliposhusha mikono ili apumzike, mwanga ulirudi kama maji.

"Utakaa hivyo mpaka saa nne?" aliuliza Usipumue.

"Mimi nasuka vichwa vya watu saa tisa nimesimama. Uliza lingine."

Lakini shuka halikutosha. Mwanga uliopita pembeni uligonga ukuta wa tangi la maji na kurudi kwenye lenzi. Usipumue alijaribu picha moja na kuiona ikiwa na duara jeupe katikati, kama kikombe cha chai kilichoachwa mezani. Alikaa kitako, akafikiri, kisha akasema kile ambacho kilikuwa kweli lakini hakikuwa na busara: "Mwite fundi."

"Umwite umwambie nini? Azime taa ili uone vizuri?"

"Aje akae hapa. Anahofia bomba linaelekea wapi. Aliangalie mwenyewe."

Wifi alikunja shuka, akaenda ukingoni. Uchochoro ulikuwa mwembamba kiasi kwamba majirani waliazimana chumvi kwa kamba.

"Fundi! Wewe Fundi! Wifi yangu anasema uje ulinde dirisha lako kutoka huku. Ukiwa kwako unaona mdomo wa bunduki tu. Njoo uone na kidole kinachofyatua."

Pazia likasogea. Muda si mrefu zikasikika hatua kwenye ngazi, na fundi akatokea, mwembamba, futi ya kupimia bado shingoni, kiti mkononi, uso umekunjamana kama nguo iliyolaliwa. Hakusalimia.

"Naweka kiti wapi?"

"Popote, ila usiguse miguu ya darubini," alisema Usipumue.

Fundi aliweka kiti nyuma ya bomba, akainama, akafuata mstari wake kwa jicho moja kama mtu anayekagua upindo. Bomba lilitazama juu sana, mbali na jengo lake. Alilitazama kwa muda ambao wifi aliuona mrefu kupita kiasi.

"Nikizima taa, hili bomba linashuka?"

"Linashuka polepole upande wa magharibi. Kuna mota inayofuata nyota. Kwako ni mashariki."

"Likigeuka kuja mashariki?"

"Uko hapo. Lishike."

Fundi alitoa simu, akampigia mkewe, akasema neno moja. Taa ikazimika.

Giza lilipotulia, nyota zilijitokeza chache chache, kama watu wanaochungulia kama ugomvi umekwisha. Usipumue alianza kazi kwa mfuatano alioukariri. Ncha ya anga, ambayo mota inapaswa kuizunguka, ilikuwa imezama nyuma ya majengo, hivyo alifanya kwa njia ndefu: aliitazama nyota moja kwenye skrini ya laptopu, nyota ikapanda, akausogeza mguu mmoja upana wa kucha, akatazama tena. Nyota ilipokoma kupanda, alivisha mdomo wa darubini kifuniko chenye mikato ya mistari. Kwenye skrini nyota ikaota miiba mitatu. Alizungusha kirungu cha fokasi, kile kinachoikaza picha isiwe na ukungu, kwa ncha za vidole mpaka mwiba wa kati ukakaa katikati kabisa ya wenzake. Akavua kifuniko, akakiweka mapajani mwa wifi.

"Hiki ukikisahau juu ya lenzi, usiku wote ni kazi bure. Kishike."

"Nimekishika. Nikikipeleka chooni nitakuaga."

Kilichofuata hakuwahi kukifanya. Wiki zote tatu tangu apate darubini alikuwa amepiga picha moja ya dakika tano kila mara, akaitazama, akaichukia, akapiga nyingine kwa hesabu tofauti. Maelekezo yote aliyoyasoma yalisema vingine: piga fupi, za nusu dakika, nyingi, bila kuhesabu hasara, kisha programu izijumlishe. Mwanga wa galaksi uko palepale katika kila picha, chembe za uchafu wa kamera zinarukaruka. Zikijumlishwa, kilicho kweli kinabaki na kisicho kweli kinafutana. Alilielewa jambo hilo kwa akili tangu siku ya kwanza. Mkono ndio uliokataa.

Usiku huu aliuamuru mkono. Programu ikaanza kupiga na kujumlisha palepale. Picha ya kwanza ilikuwa nyeusi yenye nyota. Ya kumi ilikuwa na kitu, au pengine haikuwa nacho. Kadiri picha zilivyoongezeka, katikati ya skrini palianza kuonekana doa refu, jembamba, lililolala ubavu. Wifi aliacha mzaha. Fundi hakuangalia skrini. Macho yake yalikuwa kwenye bomba.

Ndipo ndege ya abiria ilipopita. Ilikata anga kutoka kusini, taa zake zikipepesa, na kwenye skrini ukachorwa mstari mweupe juu ya lile doa, kutoka pembe hadi pembe.

Kidole cha Usipumue kilibonyeza kusimamisha. Programu ikauliza kama ifute zote. Akabonyeza ndiyo. Ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Skrini ikabaki tupu.

"Wifi," alisema msusi polepole, "umefanya nini?"

"Imeharibika."

"Imeharibika moja. Zilikuwa ngapi?"

Zilikuwa sabini na kitu. Saa ya laptopu ilionyesha saa mbili na nusu usiku imeshapita. Mwezi ungetoka muda uleule geti linapofungwa, na mwezi ukishatoka, hakuna doa la namna ile litakaloonekana tena kutoka mjini.

Aliondoa mikono kwenye laptopu, akaificha kwapani.

"Kazini," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya nyuma ya kioo, "mgonjwa akitikisika picha imekufa. Na ukirudia, unaandikwa. Kurudia ndiyo aibu yetu kubwa, kwa sababu kila picha ni mionzi mwilini mwa mtu. Tulifundishwa piga moja, piga sawasawa. Mimi sirudii. Wanafunzi wanaletwa kwangu waone mtu asiyerudia."

Chini kabisa mtu alifunga mlango wa gari. Kisha fundi, bado akilitazama bomba, akauliza: "Daktari, na hizi nyota ukizirudia zinaumia?"

"Mimi si daktari."

"Nimeuliza kama zinaumia."

Usipumue alilichukulia swali kama yalivyo maswali yote, kwa uzito wake. "Hapana," alisema. "Haziumii."

Akaanza upya.

Sasa wakati ulikuwa umebana kama kiatu cha kuazima. Aliitazama tena nyota aliyoanza nayo, akaona fokasi haijasogea, akaliachia bomba lifanye kazi. Kumi. Ishirini. Doa lilirudi, hafifu, mahali palepale, ubavu uleule. Alijikuta akipumua kwa kufuata sauti ya kamera: kimya cha nusu dakika, mlio mdogo, kimya.

Halafu nyota zikaanza kunenepa. Kwanza alidhani ni macho yake. Alipomulika pembeni mwa lenzi kwa kurunzi nyekundu, aliona utando kama pumzi kwenye kioo cha dirisha.

"Umande," alisema. "Wifi, ile mashine ya kukaushia nywele."

"Iko saluni."

"Kaichukue. Na waya mrefu."

Wifi alishuka ngazi akivua kandambili njiani ili akimbie vizuri. Usipumue alibaki akitazama picha mbovu zikiingia moja baada ya nyingine, na kila iliyoingia ilimchoma. Kidole kilisogea kwenye kitufe. Alikirudisha. Programu ilikuwa na utaratibu wake: picha ambayo nyota zake zimevimba iliwekwa kando, haikuongezwa, haikuharibu zilizotangulia. Yaani mbovu hazikuwa zinauliza ruhusa ya kuua nzuri. Yeye ndiye aliyekuwa akizipa.

Wifi alirudi akihema, waya umemzunguka shingoni. "Moto mdogo au mkubwa?"

"Mdogo. Kwa mbali. Kama unakausha kichwa cha mtoto."

"Hapo umenena lugha yangu."

Alikausha kwa mkono uliozoea, akizungusha, bila kukaribia, huku akinong'ona maneno ambayo huwaambia wateja wadogo wasilie. Utando ukajikunja kuelekea katikati na kutoweka. Nyota zikarudi kuwa nukta.

Saa nne kasoro robo zilisikika hatua nzito. Mwenyekiti alikuja mapema, kama wafanyavyo wakaguzi. Alitokea mlangoni na tochi kubwa iliyowaka.

"Zima!" alisema wifi, na kwa mara ya kwanza usiku ule sauti yake haikuwa na utani.

Tochi ilizimwa. Mwenyekiti, akiwa kipofu kwa giza, alipiga hatua mbili mbele na mguu wake ukanasa kwenye waya. Darubini ilitikisika. Kwenye skrini, picha iliyokuwa ikipigwa ilitokea na nyota zote zimepinda kama ndoano.

"Mwenyekiti," alisema wifi, amemshika kiwiko, "simama hapohapo. Vuta pumzi. Usipumue."

Fundi alicheka kwa pua. Mwenyekiti hakucheka, lakini hakutikisika.

Usipumue alikuwa amenyoosha mkono kuelekea laptopu. Kila alichofundishwa kilimwambia mgonjwa ametikisika, picha imekufa. Aliuvuta mkono, akauweka chini ya paja, akaukalia. Picha ya ndoano ikatupwa kando. Inayofuata ikaja na nyota zimesogea kidogo pembeni, lakini ni nukta. Programu ikazipanga juu ya zile za zamani na kuendelea. Doa halikutikisika.

"Dakika chache zaidi," alisema.

"Nitasubiri saa nne. Si zaidi."

Wakasubiri wote wanne. Mashariki, juu ya jengo la fundi, anga lilianza kupauka nyuma ya mnara. Usipumue aliona, akajua mwezi uko njiani. Saa nne ilipogonga kwenye simu ya Mwenyekiti alisimamisha kupiga. Alivuta kwenye programu mstari unaopandisha mwanga, polepole, mpaka giza la nyuma likawa kijivu na kilichofichwa ndani yake kikapanda.

Ilikuwa galaksi. Iliinama kama sahani inayotazamwa kwa upande, kitovu chake kikiwa cha manjano hafifu, mwili umejaa mabaka meusi ya vumbi, na kingo zake zikiyeyuka bila kumalizika. Haikuwa safi. Pembe moja ya picha ilikuwa nyeusi kupita kiasi na nyota za ukingoni zilikuwa na mikia. Lakini hakuna mtu mwenye macho ambaye angeiita ukungu.

Mwenyekiti aliinama, akavaa miwani, akaitazama kwa muda. "Nimewahi kuiona hii," alisema hatimaye. "Kwenye simu ya mjukuu wangu zimejaa tele. Nitajuaje kwamba hukuitoa huko?"

"Ni hiyohiyo," alisema Usipumue. "Watu wengi wameipiga. Wengine vizuri zaidi."

Wifi alifumba macho.

"Basi hujanionyesha kitu," alisema Mwenyekiti, na ufunguo ukagonga pete yake alipoukunja kiganjani. "Picha tu hainiambii bomba lilikuwa likitazama wapi."

"Mimi nakwambia," alisema fundi.

Wote wakageuka. Alikuwa bado kitini. "Nimekaa hapa tangu giza liingie. Hii skrini yao sijaitazama, nimetazama bomba. Halikuja kwangu. Lilianza pale," alionyesha kwa kidole juu ya tangi la maji, "na sasa liko pale. Limeshuka kama mkono wa saa. Hata dakika moja halikurudi nyuma. Hata uliponasa kwenye waya, lilitikisika tu."

"Na ile jioni ya mnara?"

Fundi alivuta futi yake shingoni, akaikunja. Usipumue aliacha kupumua.

"Ile jioni sikuwa huku juu. Sikuona lilikuwa linatazama nini, kwa hiyo siwezi kusema lilikuwa linatazama nini. Na bado nilisema. Nilichokiona kwa macho yangu ni cha leo."

"Sitatumia tena mnara," alisema Usipumue. "Kifuniko cha mistari kinafanya kazi kwa nyota. Ningekijua mapema nisingeuhitaji kabisa."

Mwenyekiti alitazama mmoja, akatazama mwingine, kama mtu anayesubiri mshale wa mizani utulie. Kisha akauweka ufunguo kando ya laptopu. "Utafunga mwenyewe ukimaliza," alisema. "Geti la chini nalifunga mimi, Fundi akishatoka." Akashuka akishika ukuta.

Fundi alisimama, akainua kiti. Kabla ya kuondoka alipita mbele ya skrini, akainamia ile galaksi kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni kama kushona, Daktari. Mshono mmoja haushiki."

"Si hivyo hasa," alisema Usipumue. "Na mimi si daktari."

"Mwache," alisema wifi. "Kwa leo mwache."

Fundi aliondoka. Walisikia hatua zake zikishuka, zikivuka uchochoro, zikipanda upande wa pili, na mlango wa roshani ukifunguliwa. Saa nne na dakika kumi na mbili mwezi ulitokea nyuma ya mnara. Taa ya roshani haikuwashwa.